Mwandishi Mmoja Nisiyempendekeza

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema huyu mama mzima analia kwa sababu ya mambo ya kwenye simu, maana hivyo ndivyo nilivyojiambia mwenyewe kwa muda mrefu na haikunisaidia kitu.

Mimi ni fundi miwani. Duka letu ni dogo, mbele kuna kabati la vioo lenye fremu, nyuma kuna chumba cha mpima macho, na katikati nipo mimi na mashine yangu ya kuchonga lenzi, na kiti kimoja cha mteja. Mtu akija kuchukua miwani ya kusomea lazima aijaribu kabla hajatoka, na zamani tulikuwa tunampa kadi yenye herufi kubwa juu na ndogo chini, anasoma herufi mbili tatu, anasema naona, anakwenda zake. Kadi ile ilinichosha, mshauri, nikaona mtu ametoa macho yake nje ya nyumba kuyatafutia msaada halafu sisi tunampa herufi zisizosema chochote, basi nikaanza kuwapa kurasa za waandishi ninaowapenda.

Sisemi waandishi wa vitabu. Nasema wale wanaojitegemea, wasio na gazeti wala mhariri wa kuwakata, ambao unajiandikisha kwa barua pepe yako na wao wanakutumia waraka wao moja kwa moja wakishaumaliza. Ninao wengi. Yupo mfuga nyuki anayeandika habari za mizinga yake kama mtu anayesimulia majirani, nani kahama, nani kamkosea nani, mpaka unajikuta una upande. Yupo muuguzi mstaafu anayeandika wodi alizofanyia kazi, kila waraka kitanda kimoja. Yupo kijana anayezunguka viwanja vya mpira visivyo na nyasi, anaandika mechi ambazo hata waliozicheza wamezisahau. Nachapa ukurasa mmoja, nauweka juu ya meza, mteja anavaa miwani mpya anaanza kusoma, na hakuna kitu kinachonipa raha kama kumwona mtu amesahau kwamba anajaribu miwani, anageuza karatasi kutafuta inaendelea wapi. Hapo najua lenzi zimekaa sawa. Na hapo ndipo anauliza, huyu ni nani, nampataje?

Basi kukazaliwa kundi kwenye simu. Humo yumo mwalimu wa hesabu mstaafu, yumo kinyozi wa mtaa wa pili, yumo mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, na wengine ambao hata sura zao sizijui. Kila Ijumaa napendekeza mwandishi mmoja, naeleza nilivyokutana naye na ni waraka upi mtu aanze nao. Wananiamini. Mwalimu aliwahi kusema kwamba mtu niliyempendekeza mimi atamsoma hata akiwa hajisikii, kwa kuwa anajua mbele ataokota kitu.

Sasa mdogo wangu naye anaandika.

Tumezaliwa wawili tu, mimi wa kwanza, yeye wa mwisho. Tangu ajue kusema tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi, na jina limemganda mpaka ukubwani. Anaishi mji mwingine, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, na jioni anaandika waraka wake kuhusu nyumba tuliyokulia. Anamwandika mama yetu, namna alivyokuwa anaimba akiwa amebana pini za nguo mdomoni, namna alivyogombana na paka wa jirani kana kwamba ni mtu mwenye akili timamu. Na mimi nimo. Mimi naitwa Bi Funguo.

Upo waraka mmoja ambao ndio uliomtoa akajulikana. Anasimulia kwamba mama alisafiri kikazi, akatuacha chini ya mama mdogo aliyekuwa anakaa nyumba ya pili, na kwamba mama alipotoka tu mlangoni dada mtu akajipa cheo. Akakifunga chumba cha mama, akatia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni, akawa anatembea nao ndani ya nyumba "kama afisa wa forodha aliyepelekwa kwenye mpaka usiopita watu." Chiriku anataka kuingia akalale kwenye kitanda cha mama, Bi Funguo anasema hapana. Anataka gauni la mama alinuse tu, hapana. Anakaa chini ya mlango analia, Bi Funguo anakuja na ufagio, anamfagia pembeni pamoja na vumbi. Wanaosoma wakifika hapo ndipo wanapocheka mpaka wanafuta machozi.

Mshauri, mama hakusafiri. Mama alikuwa amelazwa, alikuwa anaumwa kifua, ule ugonjwa ambao wakati ule ukitajwa watu walikuwa wanavuka barabara ili wasipite mlangoni kwako. Kabla hajaondoka aliniita chumbani, akaniambia mdogo wako asijue, mwambie nimesafiri, na humu asiingie mpaka nirudi. Nilikuwa sijamaliza hata shule ya msingi. Nikafunga. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa sababu gauni langu halikuwa na mfuko. Na kumfagia, nilimfagia kweli, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumtoa pale mlangoni bila na mimi kukaa chini tukalia wote wawili, halafu nani angekoroga uji? Mama alipona, akarudi, akaingia kazini, sisi tukakua, na hakuna aliyekumbuka kurudi nyuma kumwambia mtoto kwamba ile safari haikuwa safari.

Nilipousoma waraka ule mara ya kwanza niliufunga nikasema yamepita. Lakini haukupita. Asubuhi moja kinyozi akaandika kwenye kundi, "Fundi, leo nakutangulia," akauweka pale watu wausome, hajui ni ndugu yangu, hakuna anayejua. Kundi zima likachangamka. Mhasibu akauliza huyo dada alinyimwa utoto au alinyimwa moyo. Yule mwalimu wa hesabu, mtu ninayemheshimu, akaandika kwamba dada huyo angeajiriwa magereza angepanda cheo mapema. Nikaweka simu kifudifudi, nikarudi kwenye mashine, nikaichonga lenzi ya jicho la kulia nikaipachika kushoto, mteja akavaa akanishika mkono, akasema mama, sakafu imepanda. Mpima macho akanitazama akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Kuanzia siku hiyo wanamngoja. Kila Ijumaa nikipendekeza mtu mwingine kuna anayeuliza, Fundi, na yule wa Bi Funguo je, mbona humgusi? Nikajifanya sijaona. Kisha Chiriku mwenyewe akanipigia, wakati wa kazi, jambo ambalo hafanyi. Alikuwa amesikia kwamba wasomaji wake wapya wametoka kwenye kundi la dada yake. Akacheka, akasema nimependekeza mpaka mfuga nyuki, sasa yeye ni mbaya kuliko nyuki? Kicheko cha Chiriku nakijua tangu anaota meno, na kile kilikuwa kitupu ndani. Halafu akasema, "Au siandiki vizuri, dada? Niambie tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma." Nikamwambia kuna mteja ameingia. Hakukuwa na mteja.

Waraka wake wa mwisho ameumaliza kwa kusema anafikiria kuacha kuandika, kwa sababu msomaji mmoja anayemtaka hajafungua mdomo. Kwenye kundi wanasikitika, wananiambia nimpendekeze upesi, labda atapata nguvu. Wananiambia mimi.

Nikwambie na la mama, ndipo nimalize. Mama naishi naye. Macho yake yameingia ukungu, hata lenzi zangu hazimfikishi tena, kwa hiyo Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakaa dirishani namsomea waandishi wangu, na waraka wa Chiriku namsomea pia, ila kila ninapofika kwenye jina langu naruka. Juzi nilikuwa naruka hivyo akanyanyua kidole.

"Umeruka," akasema.

Nikasema sijaruka.

"Umeruka. Huyu mtoto hawezi kuandika nyumba ile ukurasa mzima wewe usiwemo."

Nikapiga moyo konde, nikamsomea yote, na ule wa ufunguo nikamsomea. Hakucheka. Aliomba maji, akanywa taratibu, akaniuliza kwani sikuwahi kumwambia Chiriku ukweli. Nikamwambia ulinikataza, mama. Akauliza nilikukataza lini. Mshauri, alikuwa amesahau. Mimi nimebeba kitu miaka yote hii kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi, mwenyewe hakumbuki kama alishuka na mzigo. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia, kisha akasema, "Sasa ukimwambia atalia. Lakini wewe je?" Nikawa natafuta la kujibu, na mara hii akawa amesinzia kweli, na tangu siku hiyo hajaligusa, na mimi sijamgusia.

Basi nifanyeje? Nikimpendekeza nitakuwa nimewaambia watu kwa mdomo wangu kwamba Bi Funguo ndivyo alivyokuwa. Nisipompendekeza anaacha kuandika na ni mimi nimemfunga mdomo. Nikimwambia ukweli namharibia waraka unaopendwa kuliko zote, na kila atakayecheka tena atakuwa anawacheka wagonjwa. Au nijitoe tu kwenye kundi, nichonge lenzi zangu, watu wasome wanavyojua?

Wako,
Fundi Miwani

*

Dada yangu Fundi,

Pole. Nakupa pole mwanzoni kabisa kwa sababu baadaye nitakusema, na nikikusema usije ukasahau kwamba nilianza na pole.

Ulikuwa mtoto. Katika barua yako umemhurumia Chiriku pale mlangoni, umemhurumia mama na kifua chake, umemhurumia hata mteja aliyeona sakafu imepanda. Yule msichana mwenye uzi shingoni umempita kama unavyopita kiti. Aliachiwa nyumba, mdogo, na uongo wa watu wazima, vyote kwa mpigo, na vyote alivitunza. Mtu akifanya kazi kama hiyo ukubwani tunamwita jasiri. Yeye ameitwa Bi Funguo na hakujitetea. Ndiyo maana inauma, na ina haki ya kuuma.

Sasa nikuseme.

Mdogo wako alikuuliza swali fupi. Anaandika vizuri au haandiki vizuri? Ukamtungia mteja. Halafu ukaniandikia mimi kurasa zote hizi, na kwenye mfuga nyuki umenipa maneno matamu mpaka nimekaribia kujiandikisha, lakini kuhusu Chiriku hukuniambia hata neno moja kama kalamu yake ni nzuri au mbaya. Mama mwenye pini za nguo mdomoni nimemwona. Afisa wa forodha nimemwona. Hayo umeyanukuu kwa kichwa, dada yangu, na hakuna mtu anayemkariri mwandishi mbovu. Unampenda huyo mwandishi kuliko wote kwenye orodha yako, na yeye ndiye pekee ambaye hajasikia.

Umechanganya mambo mawili. Kumpendekeza mwandishi si kumsimamia mahakamani kwamba kila alilosema ndivyo lilivyokuwa. Unawaambia watu hapa pana mtu anayeona, kaeni naye. Chiriku ameona vizuri sana alichoonyeshwa. Alionyeshwa mlango uliofungwa na dada mkali, akauandika mlango na dada. Nyie wawili, wewe na mama, mlimpa nusu ya habari, na sasa unamnunia kwa kusimulia nusu. Angeitoa wapi ile nyingine?

Ukiniambia mama alikataza, nitakujibu kwamba aliyekataza amesahau kukataza. Alikataza ili mtoto mdogo alale. Mtoto huyo sasa anauza bima. Na mama amekuuliza "Lakini wewe je?" ukamwacha asinzie bila jibu. Hilo nalo ni kosa, na ni la kulirekebisha kabla ya mengine. Leo hii ukitoka kazini kaa naye umjibu. Mwambie ilikuwa nzito. Huna haja ya kuongeza kitu.

Kisha mpigie Chiriku. Nasema mpigie, usimwandikie, maana nyie watu wa kusoma mnapenda kuandikiana kila kitu, na hili linataka sauti. Chagua siku ambayo hakuna anayekimbilia kazini, mama awepo kama anataka. Anza na jibu la swali lake. Mtajie sentensi yake uliyoirudia, mwambie kwa nini uliirudia, kama unavyotuambia sisi wengine habari za nyuki. Umalize hapo kwanza, umwache aipokee. Halafu ndipo umwambie mama hakusafiri. Usimpe hotuba, usimhesabie ulivyoteseka, na usimwombe aufute ule waraka. Aufute, auache, aandike mwingine, hiyo ni kazi yake na ameonyesha kwamba anaiweza. Akilia, mwache alie. Ulimfagia mara moja, safari hii ubaki naye.

Unaogopa kuharibu kicheko cha watu. Kicheko chao hakikudai wewe ukae gizani. Na wale wa kundi usiwaambie lolote kabla yeye hajajua, hata kama kinyozi atakuchokoza kila Ijumaa. Usijitoe pia. Utawaadhibu watu kwa kitu wasichokijua, na mtu aliyevumilia uongo wa watu wazima akiwa mtoto asianze kuwatendea wenzake hivyo hivyo.

Mkishamaliza, wewe na yeye, mpendekeze. Useme waziwazi kwamba ni ndugu yako. Na uandike vizuri, usimbanie.

*

Mshauri,

Sikukusudia kuandika tena, lakini ulinisema na nadhani unastahili kujua mtu uliyemsema alifanya nini.

Mama nilimjibu jioni ile ile, nikiwa nachambua mchele ili mikono iwe na kazi. Nilimwambia ilikuwa nzito. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akanipata shingoni, akaniacha mkono hapo, na mchele sikuuchambua tena, tulikula mkate.

Chiriku nilimpigia Jumapili asubuhi. Nilimwambia kuhusu ile sentensi ya mama na pini mdomoni, kwamba nilikuwa nimesahau mama aliimba hivyo, kwamba yeye amenirudishia kitu nilichokuwa sijui kimepotea, na kwamba nimekuwa nikiusoma waraka wake kwanza kabla ya wengine wote tangu alipoanza. Akaanza kulia hapo hapo, mshauri, kabla hata sijafika kwenye lenyewe, nikalazimika kusubiri. Kisha nikamwambia.

Alinyamaza. Wewe hujawahi kumsikia Chiriku akiwa kimya, kwa hiyo huwezi kujua nilivyoogopa. Mama akanyoosha mkono akaomba simu. "Nilikuwa naumwa, mwanangu," akamwambia. "Nilimtuma dada yako adanganye, akadanganya vizuri kuliko nilivyotegemea." Wakaongea wenyewe, mimi nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa hazijafikia kuanikwa, bado zina sabuni. Niliporudi kuchukua simu Chiriku alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua siku zile nilikuwa nalala wapi. Nikamwambia nilikuwa nalala sebuleni, nimeuegemea mlango wa chumba cha mama, ili akiamka kuja kulia pale asinipite. Akasema anakumbuka kuna joto alikuwa analiegemea. Alidhani ni mlango.

Ule waraka hakuufuta. Alikaa kimya wiki kadhaa, watu wakadhani ameacha, kisha akaandika mwingine, akanitumia kabla hajautoa, akaniuliza kama namruhusu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa mhariri wa mtu. Nilimrekebisha rangi ya gauni langu na nikamwacha na mengine yote.

Ijumaa iliyofuata niliwaandikia kundi hivi: "Leo nawapendekezea mdogo wangu. Bi Funguo ni mimi. Kwenye waraka mmoja amekosea mambo, na kwenye mwingine ameyasahihisha, na mimi nawaomba muanze na ule aliokosea, kwa sababu ni mzuri na kwa sababu mtoto wa umri ule hakuweza kuona zaidi ya hapo. Sijui mwandishi mwingine anayempenda mtu aliyemkasirikia namna hii. Mkimsoma mtacheka. Chekeni, mimi sasa nacheka."

Hakuna aliyejibu asubuhi nzima. Niliendelea na kazi, lenzi za kulia nikaziweka kulia. Mchana mwalimu wa hesabu, yule wa utani wa magereza, akaja dukani. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani, akaisafisha kwa ncha ya shati lake ingawa namkataza kila siku, akasema fremu imelegea, angependa niikaze. Niliichukua nikaijaribu mikono yote miwili ya fremu. Haikuwa imelegea. Nilichukua bisibisi ndogo nikaikaza hivyo hivyo, polepole, na yeye akangoja.